Dereva wa ridhaa

Ngumi za ridhaa na za kulipwa tumezizoea. Dereva wa ridhaa je? Neno linamfaa. Ridhaa ni kukubali kwa hiari, na huyu amekubali mengi: ada, petroli na matairi, yote mfukoni mwake. Kwenye mbio za magari za otokrosi za Nairobi, gari hukaguliwa kwanza breki na mikanda, helmeti nayo huangaliwa, ndipo huingia kwenye njia ya vumbi kushindana na saa. Dakika chache tu, kisha foleni tena. Wapo wanaomwita “dereva wa kujifurahisha”. Silipendi jina hilo, linanukia uzembe. Aliyekesha Jumamosi chini ya gari akibadilisha klachi, mikono imejaa grisi, amezembea wapi?