Kwa Nini "Kiratibu cha Unukuzi"

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto wa Afrika. Saratani hiyo leo huitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1982 watafiti walibaini kuwa jeni inayohusika ni MYC. Kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na kuungana na kromosomu nyingine, mara nyingi ya 14, hata MYC ikajikuta jirani na jeni za kutengeneza kingamwili. Katika seli nyeupe za damu ambamo saratani hiyo huanzia, jeni za kingamwili hazipumziki, na MYC, iliyozoea kuwashwa na kuzimwa kwa kipimo, sasa haizimwi. Protini yake hufurika. Ni mojawapo ya protini ambazo Kiingereza huziita "transcription factors", na majina tunayozipa kwa Kiswahili, naona, bado hayaelezi kazi yake.

"Unukuzi" lenyewe limekaa vizuri. Jeni ni maagizo yaliyomo katika DNA, na seli haiyatekelezi kabla ya kuyanukuu katika RNA, tena hunukuu sehemu inayohitajika tu. Lakini anayenukuu ni kimeng'enya kiitwacho polimerasi ya RNA. MYC hainukuu chochote. Hushikana na mwenzake MAX, wakatua juu ya DNA hasa penye herufi CACGTG, wakaziita protini nyingine zije kuilegeza DNA iliyokazwa na kuipa polimerasi nafasi ya kusonga mbele. Kwa hiyo "kinukuzi", ingawa ni neno fupi na tamu, linampa mmoja kazi ya mwingine. "Kipengele cha unukuzi" halina kosa hilo, ila ni jina tupu: polimerasi nayo ni kipengele cha unukuzi, na hata DNA inayonukuliwa.

Wapo watakaopendekeza "kichochezi", na ushahidi wanao. Tafiti za mwaka 2012 zilidai kuwa MYC ikizidi hupandisha unukuzi wa karibu kila jeni ambayo tayari inafanya kazi. Wengine walipinga, wakisema inachagua. Vyovyote iwavyo, MYC hiyohiyo ikishirikiana na protini iitwayo MIZ1 hunyamazisha jeni zinazozuia seli kugawanyika, na uvimbe hunufaika na yote mawili: kinachoharakishwa na kinachonyamazishwa. "Kichochezi" linaeleza nusu ya habari. "Kidhibiti" linaelemea upande wa pili, maana tunadhibiti moto, magendo na malaria, na nia yetu ni kuvizuia. Kitenzi kinachobeba pande zote ni kuratibu. Mratibu wa shughuli hupanga nani aanze, nani angoje, nani anyamaze, bila yeye mwenyewe kuifanya kazi ya kila mmoja. Hivyo ndivyo protini hizi zinavyofanya.

Litaulizwa swali la haki: kwa nini tusitohoe tu, tukasema "fakta ya transkripsheni"? Mbona jeni, protini na kromosomu tumezipokea? Tumezipokea kwa sababu zinataja vitu ambavyo hatukuwa na neno lake. Hapa kinachotajwa ni kazi, na kitenzi cha kazi hiyo tunacho. Pingamizi zito zaidi ni la wanaotaka mgonjwa aambiwe kwa ufupi, "protini ya saratani". Ufupi huo unapotosha. Seli zenye afya zinaihitaji MYC ili zikue, na p53, ambayo nayo ni kiratibu, huwasha jeni zinazoizuia seli yenye DNA iliyoharibika isigawanyike. Ikiharibika p53 yenyewe, kama inavyotokea katika takriban nusu ya saratani za binadamu, kinga hiyo hupotea.

Matibabu nayo yanathibitisha hoja hii. Kipokezi cha estrojeni ni kiratibu kinachowasha jeni za ukuaji katika saratani nyingi za matiti. Dawa ya tamoksifeni ikijishikiza hapo, kipokezi hubaki juu ya DNA lakini hugeuka kuita protini za kuzima jeni zilezile. Ni protini moja, leo inawasha, kesho inazima. Waandishi wa vitabu vya baiolojia na wanaowaeleza wagonjwa hali zao watumie "kiratibu cha unukuzi".