Picha Nyeusi na Nyeupe katika Nchi ya Shaba

Ingieni katika nyumba ya familia yoyote ya zamani ya Kolwezi, mkaombe kuonyeshwa picha za wazee. Mama wa nyumba atakwenda chumbani, atarudi na kopo la biskuti au bahasha kuukuu, atapangusa meza, ndipo atazitoa moja moja. Huyu ni babu, amevaa kofia ya mgodini. Hii ni arusi ya shangazi, mbele ya kanisa. Huyu ni mtoto aliyekufa kwa surua, na hii ndiyo picha yake pekee. Nyingi ni nyeusi na nyeupe. Zimekaa miaka 60 au 70, na nyuso zingali wazi.

Kisha atawaonyesha nyingine, ukutani. Ni babu yule yule, lakini picha hii ilichapwa kwa kompyuta miaka mitatu tu iliyopita, ikatiwa katika fremu. Kumbe, babu amekuwa kijani! Shati limefifia, na macho hayaonekani vizuri. Hapo watu husema, "Vitu vya siku hizi si vitu." Je, ni kweli? Tuifuate habari hii tangu mwanzo, maana historia yenyewe itatujibu. Na njiani tutaikuta shaba mahali tusipoitazamia.

PICHA ZA KWANZA KUENEA ZILIKAA JUU YA SHABA

Tarehe 19 Agosti 1839, mjini Paris, ilitangazwa hadharani siri ya Bwana Louis Daguerre. Yeye alichukua bamba la shaba, akalifunika kwa ngozi nyembamba ya madini ya fedha, akalipitisha katika mvuke wa ayodini. Bamba lile likitiwa katika sanduku lenye lenzi, na mwanga ukaingia, lilishika sura ya kitu kilicho mbele yake. Kisha mvuke wa zebaki ukaidhihirisha. Basi picha za kwanza zilizoenea duniani zilikaa juu ya shaba.

Picha hiyo ilikuwa na upungufu mmoja: ilikuwa moja tu, haikuzaa nyingine. Mwingereza William Henry Fox Talbot alipata njia ya pili, akaipatia haki ya serikali mwaka 1841. Yeye alitumia karatasi, na sura ilitokea kinyume: penye mwanga pakawa peusi, penye giza pakawa peupe. Kutoka katika sura hiyo ya kinyume aliweza kutoa picha nyingi za kweli.

Siri ya njia zote mbili ni chumvi za fedha, ambazo mwanga huzigeuza. Na hapa msomaji ashike neno moja: katika picha ya zamani nyeusi na nyeupe, ule weusi si rangi. Ni chembe ndogo mno za madini ya fedha zilizobaki ndani ya karatasi. Babu wa kopo la biskuti ameandikwa kwa madini.

PICHA ZAINGIA KATANGA

Kabla ya kampuni yoyote kufika, watu wa nchi hii walikuwa mafundi wa shaba. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakavukuta moto wa makaa, wakamimina shaba katika umbo la misalaba midogo iliyotumika kama mali katika biashara na mahari. Askofu Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini, aliandika habari za mafundi hao mwaka 1926, akiwaita "walaji wa shaba".

Kati ya mwaka 1898 na 1900 Mbelgiji Charles Lemaire aliongoza msafara wa uchunguzi katika Katanga. Alikuwa na mchoraji, Léon Dardenne, na mpiga picha, François Michel. Picha zao zilikwenda Ubelgiji, zikawekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren. Huko ziko mbali na wajukuu wa watu walioonekana ndani yake.

Mwaka 1906 ikaundwa Union Minière du Haut-Katanga, na mwaka 1911 shaba yake ya kwanza ikayeyushwa Lubumbashi. Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937, uwe makao ya migodi ya magharibi. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilitaka wafanyakazi wakae pamoja na wake zao na watoto wao. Ikajenga makambi, shule na zahanati, na mambo hayo yote yakapigwa picha: matanuru, nyumba zilizopangwa kwa mstari, watoto wakipimwa uzito. Picha zile ziliuambia ulimwengu, "Tazameni jinsi kazi inavyokwenda vizuri." Lakini katika nyingi mna jambo la kuhuzunisha: mashini ina jina, mgodi una jina, na mtu aliyesimama kando yake hana.

Kwa bahati, watu hawakuiachia kampuni kazi hiyo peke yake. Siku ya Jumapili au siku ya ubatizo, mfanyakazi alivaa suti yake, akaenda kwa mpiga picha pamoja na mkewe, wakasimama kama walivyotaka wenyewe kuonekana. Hizo ndizo picha za kopo la biskuti.

KATIKA CHUMBA CHA GIZA

Vijana wengi hawajaona jinsi picha hizo zilivyotoka. Mpiga picha alikuwa na chumba cheusi kabisa, chenye taa nyekundu tu. Aliangaza sura ya kinyume juu ya karatasi yenye chumvi za fedha kwa sekunde chache. Karatasi ilibaki nyeupe, kama kwamba hakuna kilichotendeka. Akaitia katika dawa ya kudhihirisha, akatikisa beseni polepole, na mara uso ukaanza kutokea. Kisha dawa ya pili ya kuzuia mwanga usiigeuze tena, na mwisho maji mengi, mengi sana. Fundi aliyefanya haraka katika kuosha aliharibu kazi yake, kwa maana dawa ikibaki katika karatasi, picha hugeuka manjano baada ya miaka. Basi tusiseme kwamba kila kitu cha zamani kilikuwa chema. Picha zilizodumu ni zile zilizooshwa vizuri.

MIAKA YA TAABU

Mwaka 1967 serikali ikachukua mali ya Union Minière, na baadaye kampuni ikaitwa Gécamines. Picha za rangi zikaenea, na vyumba vya giza vikapungua. Kisha zikaja taabu. Mwezi Mei 1978 vita viliingia Kolwezi. Watu waliuawa, nyumba ziliporwa. Mwezi Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto uliporomoka. Miaka ya 1992 na 1993 familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga. Zilikaa vituoni mwa treni huko Likasi na Kolwezi, na vitu walivyoweza kubeba. Shaba ya Gécamines, iliyopita tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilishuka chini ya tani 50,000 katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi kwa malipo ya mara moja.

Na juu ya hayo, mahali penyewe panatoweka. Katika mtaa wa Kasulo, tangu mwaka 2014, watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao, na baadaye sehemu ya mtaa ikabomolewa ili pawe mgodi. Mtoto akiuliza, "Baba, nyumba yenu ilikuwa wapi?" baba aonyeshe nini? Shimo? Basi picha imekuwa shahidi aliyebaki. Tena mara nyingi ni moja tu, na watoto ni saba. Kila mmoja ataka yake, na fundi wa chumba cha giza hayupo. Hivyo watu huichukua kwa fundi wa kompyuta.

WINO UNAORUKA

Printa ya wino, au inkjeti, haijui fedha wala giza. Hurusha matone juu ya karatasi. Yasimuliwa kwamba mwaka 1977, katika kampuni ya Canon huko Japani, fundi Ichiro Endo aliona chuma cha moto kikigusa sindano yenye wino, na wino ukaruka. Kutokana na hilo wakatengeneza printa inayochemsha wino kidogo ili utoke. Mwaka 1984 kampuni ya Hewlett-Packard iliuza printa ya namna hiyo kwa watu wa kawaida. Epson walishika njia nyingine: kijiwe kinachojikunja kikipata umeme, nacho husukuma wino bila moto. Matone hayo ni madogo ajabu. Tone moja la maji la kawaida lingeweza kugawanyika katika matone ya printa zaidi ya milioni 10.

Hapo mwanzo printa hizo zilikuwa za barua tu. Mwaka 1991, huko California, mwimbaji Graham Nash na wenzake walifungua karakana ya kuchapa picha za ustadi kwa mashini iitwayo Iris, iliyouzwa zaidi ya dola 100,000, naye Nash alianza na picha zake nyeusi na nyeupe. Zilipendeza, lakini wino wake ulififia upesi. Karibu mwaka 2000 Mmarekani Jon Cone alileta wino wa namna yake, weusi na kijivu mbalimbali, uliotengenezwa kwa kaboni. Mwaka 2005 Epson wakauza printa zenye wino wa giza wa aina tatu kwa pamoja: mweusi, kijivu, na kijivu chepesi.

Kaboni ni nini? Ni ndugu wa masizi ya chungu. Kwa masizi watu wa kale waliandika vitabu, na maandishi yao yangali yasomeka.

KWA NINI BABU AMEKUWA KIJANI

Sasa twaweza kujibu swali letu. Printa ya bei nafuu ina wino mweusi mmoja na rangi tatu: samawati, majenta iliyo kama zambarau nyekundu, na njano. Ili kupata kijivu cha shavu la babu, huzichanganya hizo tatu. Zikiwa sawa, jicho huona kijivu. Lakini wino wa bei nafuu mara nyingi ni rangi iliyoyeyuka katika maji, kama chai. Mwanga wa jua, hewa na unyevu huila, wala haziliwi zote kwa mwendo mmoja. Majenta ikitangulia kufa, hubaki samawati na njano, nazo pamoja ni kijani. Babu hakuugua, mmoja wa mashahidi wake watatu amekimbia.

Wino wa namna ya pili una chembe ngumu zisizoyeyuka, nazo hustahimili mwanga kwa muda mrefu zaidi. Na hapa tunaikuta tena shaba yetu: chembe za samawati katika wino huo kwa kawaida hutengenezwa kwa rangi iitwayo ftalosiani ya shaba. Picha ilienea kwanza juu ya bamba la shaba, na leo shaba imo ndani ya wino. Aidha, simu inayopiga picha mara nyingi yatumia betri yenye kobalti, na kobalti nyingi ya dunia hutoka huku kwetu. Nchi yetu imo ndani ya picha za dunia nzima. Ingekuwa aibu ikiwa sisi wenyewe tutakosa picha za baba zetu.

KAZI YA SAMMY BALOJI

Mtu mmoja wa Lubumbashi amelishika jambo hili kwa nguvu. Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978, alizitazama picha za zamani za kampuni. Akachukua wafanyakazi wale weusi na weupe, akawaweka kwa kompyuta juu ya picha alizopiga mwenyewe, za rangi, za viwanda vilivyokufa. Mfululizo huo wa mwaka 2006 aliuita "Mémoire", yaani Kumbukumbu, na mwaka 2010 ulionyeshwa New York. Watu wale wa kijivu wamesimama kati ya vyuma vyenye kutu, kama kwamba wamerudi kuuliza, "Kazi yetu mmeifanyia nini?" Alipiga pia picha za wachimbaji wa Kolwezi. Picha zilizopigwa zamani ili kuisifu kampuni, sasa zinawatetea watu.

NASI TUFANYE NINI?

Kwanza, usiitupe picha ya zamani kwa kuwa umepata mpya. Fedha iliyooshwa vizuri itaishi kuliko wino mwingi wa sokoni. Irudishe katika bahasha ya karatasi, mahali pakavu.

Pili, fundi akiinakili, mwombe nukta 600 kwa inchi au zaidi, ukaweke nakala mahali pawili.

Tatu, kabla ya kulipa, muulize, "Wino wako ni wa kuyeyuka au wa chembe? Kijivu chako chatoka kwa rangi tatu au kwa wino mweusi na kijivu?" Asiyejua, mpe kazi ya kadi za arusi, usimpe picha ya babu ya kutundika ukutani. Na hata iliyochapwa vizuri, usiitundike juani.

Nne, na hili halihitaji mashini yoyote: andika jina nyuma, kwa penseli laini. Jina, mahali, mwaka, na kazi yake. Kampuni iliandika jina la mgodi ikamwacha mtu. Tusirudie kosa hilo katika nyumba zetu wenyewe. Mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu, kaeni na mzee wa ukoo, mfungue kopo, mmuulize, "Huyu ni nani? Na huyu?" Fanyeni hivyo angali anawatambua. Picha iliyofifia yaweza kuchapwa tena. Lakini jina lililokwenda kaburini pamoja na mzee halina printa ya kulirudisha.