Waliofukuza Pundamilia

Vitabu vya historia ya ndege Afrika Mashariki vimejaa marubani. Mimi nilikuwa dereva wa Land Rover kwenye kiwanja cha ndege mbugani, na historia hiyo naijua kuanzia chini.

Beryl Markham, aliyerusha ndege Kenya miaka ya 1930, ameandika jinsi wanyama walivyosogelea uzio wa uwanja wa Nairobi usiku wakikodolea uwanja huo macho. Nairobi walikuwa na uzio, bahati yao! Madaktari wa ndege wa Amref walipoanza mwaka 1957, viwanja vingi vya porini vilikuwa nyasi zilizofyekwa tu, na hapo ndipo shida ilipo. Swala na pundamilia hupenda nyasi fupi kwa sababu simba hana pa kujificha. Kwa hiyo tulikuwa tunawatandikia kitanda, kisha tunawafukuza.

Mchana rubani hupita chini mara moja, wanyama wakatawanyika, akageuka akatua. Usiku taa yake humulika umbali mfupi tu mbele, naye anakuja kwa zaidi ya kilomita mia kwa saa. Swala akipigwa na mwanga hakimbii, husimama kama aliyepigiliwa msumari. Gurudumu dogo la mbele halihimili hata ngiri.

Mgonjwa akizidiwa usiku, tulipanga makopo ya mchanga uliolowa mafuta ya taa pande zote mbili za kiwanja, tukayawasha. Kisha mimi nazunguka na gari, honi juu, nikitafuta macho gizani. Wageni walidhani ukishafukuza umemaliza. Pundamilia hurudi kabla vumbi halijatulia! Nilikaa katikati ya kiwanja mpaka nisikie injini ikipunguzwa, ndipo nikachepuka pembeni.

Mchana nao una yake: Januari 1959 mtafiti wa wanyamapori Michael Grzimek alikufa Serengeti baada ya ndege yake kugongana na tumbusi. Huyo hafukuziki kwa honi.

Ndege ikilala kwetu, magurudumu tuliyazungushia boma la miiba, maana fisi hutafuna mpira. Baadaye baadhi ya viwanja viliwekewa waya wa umeme wa jua. Vijana walifurahi, hadi tembo walipogundua kwamba pembe haipitishi umeme, wakaanza kuukata waya kwa pembe na kuangusha nguzo. Land Rover ikarudishwa kazini.