Ushirikiano wa Serikali Kuvuka Mipaka katika Uhakiki wa Kemikali Mpya za Kilimo na Afya: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Nyakisasa, Ngara, 1934–2020

1.0 Utangulizi

Nyakisasa ni kata iliyomo katika Wilaya ya Ngara, Mkoa wa Kagera, upande unaoelekea Biharamulo. Wakulima wa eneo hili pana hulima ndizi, maharage, mahindi na kahawa, na upande wa Biharamulo hulimwa pia pamba, zao linalojulikana kwa kuhitaji dawa nyingi za kuulia wadudu. Magharibi ya Ngara iko Burundi, na kaskazini-magharibi iko Rwanda. Mto Ruvuvu, utokao Burundi, hukutana na Nyabarongo karibu na maporomoko ya Rusumo na kuufanya Mto Kagera. Lugha nazo hazikutii mipaka iliyochorwa: Kihangaza na Kishubi ni jamaa wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Katika mazingira kama haya, chupa ya kiuatilifu iliyoruhusiwa upande mmoja wa mpaka haina mlima wala bahari ya kuizuia isifike upande wa pili.

Kila kemikali mpya inayokusudiwa kwa shamba au nyumba huzua maswali matatu. Je, inaua kile kinachokusudiwa? Je, inamdhuru nani mwingine, sasa au baadaye? Na ni nani mwenye mamlaka ya kuiruhusu, kuikataa au kuiondoa? Makala haya yanachunguza jinsi serikali za Afrika Mashariki zilivyoshirikiana kuyajibu maswali hayo. Hoja inayojengwa ni kwamba ushirikiano huo haukuanza na Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999, wala haukukua kwa mstari ulionyooka. Kila kipindi kilijibu vyema swali moja na kuyaacha mengine yakining'inia, na yaliyoachwa ndiyo yaliyomwelemea mkulima wa mpakani.

2.0 Mkataba wa Maji wa 1934: Sumu Kama Jambo la Mpakani

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza na Ruanda-Urundi chini ya Ubelgiji. Tarehe 22 Novemba 1934, dola hizo mbili zilitia saini jijini London mkataba wa mpaka baina ya maeneo hayo, pamoja na makubaliano kuhusu haki za maji mpakani. Makubaliano hayo ya maji yalizitaka serikali kuchukua hatua ili shughuli za migodi au viwanda zisiingize sumu au uchafu katika mito ya mpakani na vijito vyake.

Kwa mtafiti wa historia ya kemikali, waraka huu una uzito kwa sababu mbili. Kwanza, unaonyesha kuwa wazo la wajibu wa serikali moja kwa watu wa upande wa pili lilikuwepo katika bonde la Kagera kabla viuatilifu vya kisasa havijaenea. Pili, unaonyesha mipaka ya wazo hilo. Sumu ilifikiriwa kuwa kitu kinachotoka mahali pamoja panapojulikana, yaani mgodi au kiwanda, na kwenda na maji. Hakuna aliyetazamia kwamba siku moja sumu ingesafiri ndani ya chupa, ikauzwa dukani na kubebwa kwa bomba la mgongoni kutoka shamba hadi shamba.

3.0 Kutoka Entebbe hadi Arusha, 1945–1977: Sayansi Moja

Uwezo wa DDT kuua wadudu uligunduliwa na Paul Müller mwaka 1939, katika kampuni ya Geigy mjini Basel, Uswisi. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, kemikali hiyo pamoja na nyingine za jamii yake zilifika Afrika Mashariki zikiwa mpya kabisa. Mwaka 1945 Uingereza ilianzisha Entebbe, Uganda, kitengo cha utafiti wa viuadudu katika makoloni yake. Mwaka 1950 kitengo hicho kilihamia Arusha, na mwaka 1962 kikapewa jina la Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu Ukanda wa Tropiki. Kiliendelea kuwa miongoni mwa taasisi za utafiti zilizohudumia Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, kwanza chini ya shirika la huduma za pamoja, kisha chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi Desemba 1967.

Katika kipindi hiki swali la kwanza lilijibiwa kwa ustadi mkubwa. Wataalamu walipima viuadudu dhidi ya mbung'o na mbu, wakitumia vibanda vya majaribio ambamo mbu walioingia, waliokufa na waliotoka walihesabiwa. Mfano ulio wazi zaidi wa kazi iliyovuka mpaka ni Mradi wa Malaria wa Pare-Taveta, ulioanza mwaka 1954 na kuongozwa kutoka Amani. Nyumba za Pare, upande wa Tanganyika, na za Taveta, upande wa Kenya, zilipuliziwa dieldrini kuanzia 1955 hadi 1959. Mpaka wa kikoloni haukuhesabiwa kuwa mpaka wa mbu. Malaria ilipungua sana na vifo vya watoto vikashuka. Unyunyiziaji ulipokoma, ugonjwa ulianza kurejea polepole.

Dieldrini hiyohiyo ilikuja kuwa moja ya kemikali kumi na mbili za mwanzo zilizoorodheshwa katika Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, kwa kuwa hudumu katika mazingira na kujilimbikiza katika miili ya viumbe. Si haki kuwahukumu watafiti wa miaka ya 1950 kwa maarifa ya nusu karne baadaye. Hata hivyo, tukio hilo linafunza jambo kuhusu muundo wa uhakiki wa wakati huo: taasisi ya pamoja ilikuwa na maabara, wadudu na vibanda, lakini haikuwa na daftari la usajili lenye nguvu ya sheria katika nchi zote tatu. Iliweza kusema kwamba kemikali inaua mbu. Haikuwa na meza ya kisheria ya kurudi kwayo miaka kumi baadaye na kusema kwamba kemikali ileile iondolewe.

Upungufu wa pili ulikuwa wa kijiografia. Ruanda-Urundi ilihudumiwa na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kongo ya Kibelgiji, INEAC, iliyokuwa na vituo Rubona na Kisozi. Baada ya uhuru wa Julai 1962, Rwanda na Burundi kila moja ilianzisha taasisi yake. Kwa hiyo Arusha ilikuwa jirani wa kisayansi wa Nairobi na Kampala, lakini haikuwa na uhusiano kama huo na Kigali wala Bujumbura. Ushirikiano ulioitwa wa Afrika Mashariki uliishia Ngara, mahali ambapo maisha ya watu hayakuishia.

4.0 Kati ya 1977 na 1999: Kila Nchi na Daftari Lake

Mwaka 1977 unastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu ulibeba mambo mawili yanayopingana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mwaka huohuo, tarehe 24 Agosti, Tanzania, Rwanda na Burundi zilitia saini palepale Rusumo makubaliano ya kuanzisha Shirika la Bonde la Mto Kagera. Uganda ilijiunga mwaka 1981. Ushirikiano ulivunjika upande wa mashariki na kuzaliwa upande wa magharibi. Lakini shirika jipya lilielekezwa kwenye umeme, uchukuzi na maendeleo ya bonde, si kwenye uhakiki wa kemikali. Vita vya Burundi vilivyoanza 1993 na mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994 viliudhoofisha ushirikiano wa bonde, na mwaka 2004 shirika hilo lilivunjwa.

Wakati huohuo kila nchi ilijenga daftari lake. Tanzania ilitunga mwaka 1979 sheria iliyoifanya taasisi ya Arusha kuwa ya kitaifa, na kanuni za udhibiti wa viuatilifu zikafuata mwaka 1984. Kenya ilikuwa na sheria yake ya mwaka 1982. Burundi ilitoa amri ya ulinzi wa mimea tarehe 30 Juni 1993, miezi isiyotimia minne kabla ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye. Rwanda ilisubiri hadi mwaka 2012 kupata sheria mahususi ya kemikali za kilimo.

Ni rahisi kukiona kipindi hiki kama anguko tupu. Ushahidi unadai hukumu yenye uzani zaidi. Swali la tatu, la mamlaka, kwa mara ya kwanza lilipata jibu: palikuwa na ofisi yenye haki ya kisheria ya kukataa. Mkulima wa Nyakisasa aliyenunua dawa iliyosajiliwa Tanzania aliweza, angalau kwa nadharia, kujua ni nani wa kumlalamikia. Gharama yake ilikuwa kwamba jaribio lililofanywa katika nchi moja halikuwa na hadhi katika nchi nyingine, hata pale udongo, mvua na wadudu vilipofanana. Kemikali moja ilihitaji majaribio mapya kila upande, na nchi yenye soko dogo haikuwa na mvuto wa kumfanya mtengenezaji agharamie. Pengo la namna hiyo hualika bidhaa kupita kwa njia za panya, ikifika kwa mtumiaji bila kibandiko anachoweza kukisoma: maelezo ya Kifaransa hayamsaidii msomaji wa Kiswahili, na kinyume chake.

5.0 Baada ya 1999: Takwimu za Pamoja, Uamuzi wa Kila Mmoja

Mkataba wa Jumuiya uliotiwa saini tarehe 30 Novemba 1999 ulirudisha jambo hili mezani. Ibara ya 108 inazitaka nchi wanachama zioanishe sera na sheria za kudhibiti visumbufu na magonjwa, na ziwe na utaratibu wa pamoja wa kuhakikisha usalama na ufanisi wa pembejeo, zikiwemo kemikali. Ibara ya 113 inahusu uzuiaji wa biashara haramu ya kemikali zenye sumu. Rwanda na Burundi zilipojiunga mwaka 2007, Ngara iliacha kuwa ukingo wa Jumuiya na kuwa ndani yake. Mwishoni mwa miaka ya 2010 nchi wanachama zilifikia miongozo ya pamoja ya usajili wa viuatilifu, ikigusa taarifa zinazotakiwa kwa mwombaji, majaribio ya ufanisi na mabaki ya dawa katika mazao. Msingi wake ni kwamba takwimu zilizokusanywa katika nchi moja ziweze kutumiwa na nchi nyingine yenye mazingira yanayolingana. Tanzania nayo, kwa sheria ya mwaka 2020, iliiunganisha taasisi ya Arusha na huduma za afya ya mimea kuwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.

Mpango huu unatofautiana na ule wa nchi za Sahel. Kule, makubaliano ya mwaka 1992 yaliunda kamati moja ya viuatilifu ambayo uamuzi wake wa usajili ulizihusu nchi zote wanachama. Afrika Mashariki imechagua njia ya kati: takwimu zishirikiwe, lakini muhuri ubaki kwa kila nchi. Uchaguzi huo una sababu. Nchi inayobeba mzigo wa sumu hospitalini na mtoni ina hoja ya kutaka iwe na neno la mwisho. Lakini una udhaifu pia: kibali kinaweza kuharakishwa kwa takwimu za jirani, ilhali kufutwa kwa kibali hicho upande wa jirani hakulazimishi kufutwa kwa upande huu.

Hapo ndipo mikataba ya dunia ilipoingia. Mkataba wa Rotterdam wa mwaka 1998, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2002, unazitaka nchi zipeane taarifa zinapopiga marufuku au kuwekea kemikali masharti makali, na kila nchi itamke kama inakubali kuingizwa kwa kemikali zilizoorodheshwa. Kwa maneno mengine, utaratibu wa kuingia unajengwa Arusha. Utaratibu wa kutoka umeegemea zaidi makubaliano ya dunia.

Kwa upande wa afya, Kagera yenyewe imekuwa uwanja wa uhakiki. Huko Muleba, vyandarua vyenye piperonili butoksaidi, kemikali inayozima uwezo wa mbu kuhimili dawa, vilifanyiwa jaribio kubwa ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikuwa tayari limetoa pendekezo la masharti kuhusu vyandarua hivyo, likitegemea ushahidi huo. Ushahidi uliozaliwa wilayani uliamua sera za nchi nyingi. Hili linasahihisha dhana kwamba maeneo kama haya hupokea tu maamuzi ya mbali.

6.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha vipindi vinne, kila kimoja na fadhila yake na pengo lake. Makubaliano ya 1934 yalitambua kwamba sumu huvuka mpaka, lakini yaliiona mtoni pekee. Taasisi ya pamoja ya 1945–1977 ilipima kwa ustadi, bila daftari la sheria na bila majirani wa magharibi. Madaftari ya kitaifa yalileta mamlaka, yakatenganisha ushahidi. Miongozo ya sasa imeurudisha ushahidi pamoja, ikiacha uondoaji wa kemikali ukiwa dhaifu kuliko uingizaji wake.

Kutokana na hayo, kigezo cha kupimia ushirikiano wa serikali hakipaswi kuwa idadi ya siku zinazookolewa katika kusajili bidhaa mpya pekee. Kinapaswa pia kuwa muda unaopita kati ya siku kemikali inapofutwa Bujumbura, Kigali au Dodoma na siku inapotoweka kwenye rafu ya duka la pembejeo la Nyakisasa. Maji ya Ruvuvu na Nyabarongo yanakutana Rusumo bila kuuliza ni daftari la nchi gani liliruhusu kilichomo ndani yake.