Mbuzi wa maziwa akikataa pumba wiki za mwisho za mimba, usisubiri kesho

Mbuzi hubeba mimba kwa siku 150 hivi, yaani miezi mitano. Miezi mitatu na nusu ya mwanzo haina mambo mengi. Balaa liko kwenye wiki sita za mwisho, na hicho ndicho kipindi ambacho wafugaji wengi hulegea: mbuzi hakamuliwi, haingizi hela, basi hata pumba anapunguziwa.

Hesabu hiyo ni ya hasara. Zaidi ya theluthi mbili ya uzito atakaozaliwa nao mtoto hujengwa ndani ya wiki hizo sita. Na mbuzi wa maziwa, awe Saanen, Toggenburg au wale wa Kinorwe walioletwa Tanzania miaka ya 1980 na kuenea Mgeta kwenye milima ya Uluguru, mara nyingi hubeba mapacha, wakati mwingine watatu. Watoto wakikua wanalibana tumbo la chakula. Mama anahitaji kula zaidi, lakini pa kukiweka chakula panapungua.

Mwili unapojila

Chakula kisipotosha, mwili unaanza kuvunja mafuta uliyojiwekea na kuyapeleka kwenye ini yageuzwe nguvu. Yakija mengi kwa mpigo, ini linazidiwa. Linajaa mafuta, na kemikali zinazoitwa ketoni zinarundikana kwenye damu. Ketoni kidogo hazina neno. Zikizidi zinaua hamu ya kula, na mbuzi asipokula mafuta zaidi yanavunjwa. Ndiyo maana hali ya asubuhi na ya jioni zinaweza kuwa tofauti kabisa.

Wataalamu wanaita toksemia ya mimba. Si sawa na kifafa cha mimba cha binadamu, ingawa majina yanafanana.

Mbuzi aliyekonda yuko hatarini, hilo halimshangazi mtu. Kinachowashangaza wengi ni kwamba mnene naye yumo. Mbuzi huweka mafuta yake mengi ndani ya tumbo, karibu na utumbo, kwa hiyo nayo yanagombea nafasi na chakula. Siku akipungukiwa, mafuta hayo yote yanaelekea kwenye ini.

Dalili za kwanza ni ndogo

Anaacha pumba, ila majani bado anatafuna kidogo. Mtu anasema "amechoka tu". Kisha anajitenga na wenzake, anachelewa kuinuka, miguu inavimba, anasaga meno. Baadaye anayumba na kutembea kama haoni. Pumzi yake inaweza kunuka utamu wa tunda lililoiva kupita kiasi, au dawa ya kufutia rangi ya kucha, ingawa si kila pua inaisikia harufu hiyo. Mwisho analala na hainuki tena. Akifika hapo, wengi hawaponi hata daktari akija.

Homa kwa kawaida hana. Lakini akionekana amezubaa, watu wanakimbilia sindano ya antibayotiki. Haimsaidii chochote kwenye ugonjwa huu, na inakula siku moja ambayo mbuzi hana.

Kuna kipimo rahisi: vijiti vya kupimia ketoni kwenye mkojo, vilevile wanavyotumia wagonjwa wa kisukari, vinauzwa maduka ya dawa. Mbuzi aliyelala akiinuliwa taratibu mara nyingi hukojoa palepale. Kinga mkojo kwenye kopo, chovya kijiti, linganisha rangi.

Tiba ya mapema ni propilini glaikoli, kimiminika cha kunywesha ambacho ini hukigeuza kuwa sukari. Kiasi cha kawaida ni karibu mililita 60 mara mbili kwa siku, kwa siku tatu hivi, akinyweshwa polepole asije akapaliwa. Daktari wa mifugo anaweza kuongeza glukosi ya kwenye mshipa na kalsiamu, na hali ikiwa mbaya akaamua kumzalisha mapema ili kumwokoa mama. Maji ya sukari ya nyumbani yana faida ndogo: vijidudu vya kwenye tumbo kubwa vinaila hiyo sukari kabla mbuzi hajaipata, na ikizidi tumbo linachachuka.

Akilala, huenda ni kalsiamu

Kuna ndugu wa ugonjwa huu, homa ya maziwa. Jina linadanganya, maana joto la mwili mara nyingi hushuka. Kalsiamu ya kwenye damu imepungua kwa sababu mifupa ya watoto au maziwa vimeivuta. Kwa mbuzi inaweza kutokea kabla ya kuzaa au baada. Masikio yanakuwa ya baridi, misuli inatetemeka, hapati choo, analala shingo ikiwa imepinda. Akichomwa kalsiamu anaweza kusimama siku hiyohiyo, lakini sindano ya mshipani mwachie daktari. Ikiingia haraka inasimamisha moyo.

Tumbo kubwa si afya

Mbuzi mwenye mapacha ana tumbo la kutosha kumdanganya yeyote. Usimpime kwa macho, mshike. Pitisha vidole kwenye uti wa mgongo, nyuma ya mbavu. Mifupa ikichoma kama msumeno, amekonda. Ukibonyeza mpaka uitafute, amenenepa. Inatakiwa uisikie chini ya nyama kidogo.

Ukaguzi huo ufanyike mapema, miezi miwili kabla ya kuzaa, wakati wa kumkausha maziwa. Mnene hapunguzwi uzito siku za mwisho, maana kumnyima chakula wakati huo ndiyo kumwita ugonjwa. Wiki sita zikianza, pumba na mashudu vipande taratibu, kutoka gramu 200 kwa siku hadi kama gramu 500, vikigawanywa asubuhi na jioni. Ukimpandishia ghafla tumbo linaharibika, akaacha kula, mkarudi kulekule. Majani yawe laini na mazuri: lukina, kaliandra, majani ya viazi vitamu. Matembo yaliyokomaa yanajaza tumbo bila nguvu. Mbuzi wa bandani hali ila alicholetewa, kwa hiyo siku mtoa majani akisafiri, mwenye mimba wa mapacha ndiye wa kwanza kuumia. Kumhamisha au kumsafirisha wiki hizo pia kunamkatisha kula.

Akishazaa hatari haijaisha. Mbuzi wa maziwa mengi anaweza kupata ketoni nyingi ndani ya mwezi wa kwanza wa kukamuliwa: maziwa yanashuka, pumba anaikataa, mwili unakonda haraka. Kijiti cha mkojo ni kilekile na propilini glaikoli ni ileile. Ila safari hii watoto wako nje, na mama akizidiwa wanaweza kunyweshwa kwa chupa.