Ufuko wa Nyangwe na Wenye Mitumbwi

Ukitoka Lusangi au Kabambare, mashariki ya Kongo, ukashika njia ya magharibi, mwisho wa nchi kavu ni mto Lualaba. Karne ya 19 hapakuwa na daraja wala pantoni. Palikuwa na Wagenya, watu wa mto, na mitumbwi yao. Mfanyabiashara awe na bunduki na shanga za kila rangi, asipoelewana nao alibaki akiutazama mto.

David Livingstone aliyaonja hayo. Alifika Nyangwe, kaskazini-magharibi ya mji wa Kasongo, mwezi wa Machi 1871, akitaka mtumbwi wa kuteremkia mto ajue kama maji yale yanakwenda Nile au kwingine. Hadi Julai alikuwa bado hajaupata. Wagenya walimwona kuwa mmoja wa wale wageni waliokuja kutafuta pembe na watumwa, na nani angewalaumu? Mto ndio uliokuwa ngome yao: mitumbwi yote ikifungwa ng'ambo, adui hana pa kupita.

Siku za soko ngome hiyo ilikuwa wazi. Wanawake walivuka na samaki, vyungu, mihogo na kuku, wakatia mitumbwi katika kijito kilichoingia ndani ya ukingo. Kwa siku ya kawaida hapo ni mahali pazuri, maana mkondo haufiki na kamba haivutwi. Tarehe 15 Julai 1871, sokoni wakiwamo watu wapatao 1,500, watu wa mfanyabiashara Dugumbe walianza kufyatua bunduki. Mitumbwi 50 au zaidi ikakwama kijitoni, ikibanana yenyewe kwa yenyewe, mingine ikisukumwa bila makafi. Waliojitosa majini waliogelea kuelekea kisiwa kilichokuwa mbali, mkondo ukiwapiga ubavuni. Wafanyabiashara Waarabu wa hapo wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Siku chache baadaye Livingstone alirudi zake Ujiji.

Mpelelezi Cameron naye alifika Nyangwe mwaka 1874, akakosa mtumbwi, akaenda kusini. Stanley, mwaka 1876, alikuja na chombo chake mwenyewe: Lady Alice, mashua ya mwerezi yenye urefu wa futi 40, iliyoundwa kwa vipande ili wapagazi waibebe mabegani toka pwani. Alipatana na mfanyabiashara Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, wakaondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba. Wiki mbili baadaye vipande viliunganishwa na mashua ikashushwa Lualaba. Kwa mara ya kwanza mgeni alikuwa na pa kukanyaga juu ya maji bila kumwomba Mgenya.

Lakini mashua moja haivushi jeshi. Mwaka 1893 kamanda Dhanis na askari wake wa Dola Huru ya Kongo, wakipigana na Waarabu, walikaa ng'ambo ya Nyangwe kwa majuma, wakiuona mji wasiweze kuugusa. Waliowavusha tarehe 4 Machi ni Wagenya. Kasongo ikaanguka tarehe 22 Aprili. Vitabu vingi humsifu Dhanis. Ushindi ule ulikuwa wa wenye makafi pia.

Reli ya Kindu hadi Kongolo, iliyokamilika mwaka 1911, ilipita ukingo wa kushoto, na Kasongo iko kulia. Hivyo mchele na mawese viliendelea kuvuka kwa maji.

Siku hizi injini hufungwa tezini, lakini mto haujabadili tabia. Nahodha anayetia ufukoni huigeuza omo iukabili mkondo, akapunguza moto, akaisogeza mashua pole pole hadi ikaribie ukingo. Kijana wa mbele huruka na kamba ya omo, akaizungusha kwenye mti au kigingi kabla injini haijazimwa. Akianza na kamba ya tezi, maji huingia kati ya omo na ukingo, chombo kikageuka kizima na kulalia ubavu, na abiria waliokwisha kusimama hutupwa majini. Upondo hukaa tayari kuisukuma tezi isigonge magogo.

Masika mto ukijaa, kigingi cha jana huwa chini ya maji. Kiangazi maji yakipungua, aliyekaza kamba jioni bila kuilegeza huikuta mashua yake asubuhi omo juu ya tope na tezi, pamoja na injini, ikiinamia maji.