Juliana, Silimu, UKIMWI

Kabla ya kuitwa UKIMWI, Wahaya wa Kagera, Tanzania, waliuita Juliana. Hilo lilikuwa jina la nguo iliyovuka mpaka kwa magendo kutoka Uganda, vita vya Kagera vilipokuwa vimekwisha na duka la kijiji likiwa tupu. Waliotangulia kukonda na kufa walionekana kuwa wachuuzi wa njia ile na waliovalishwa nao, basi jina la vazi likawa jina la maradhi. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza nchini walitambuliwa katika Hospitali ya Ndolage, Muleba.

Silidharau jina hilo. Watu walitafuta chanzo mahali walipoweza kukiona: barabarani, sokoni, mgongoni mwa jirani. Linaloniuma ni kwamba Juliana ni jina la mwanamke, na lawama ikamfuata mwanamke.

Ng'ambo ya mpaka, Rakai, walisema silimu, kutokana na Kiingereza cha kukonda. Kwa sikio la Mswahili neno hilo lilikuwa na mwenyewe tayari: kusilimu ni kuingia katika Uislamu, na hapakuwa na haki ya kulibebesha mauti.

Ndipo likaja jina UKIMWI: Upungufu wa Kinga Mwilini. Nalipenda neno hili kwa namna lilivyokaa katika sarufi. Herufi yake ya kwanza ililipeleka moja kwa moja katika ngeli ya U, likaketi na ujane, uyatima, upofu. Hakuna aliyefundishwa kusema "UKIMWI umeingia". Na ndani yake mna kinga. Bukoba, kwenye mvua nyingi vile, mtu hujikinga mvua kwa jani la mgomba, naye mwenzake anakinga maji ya paa kwa ndoo. Kitenzi kimoja kinazuia na kinapokea. Mwili nao hufanya yote mawili, hadi kinga inapopungua.

Mwaka 1987 asilimia 24.2 ya watu wazima waliopimwa Bukoba mjini walikuwa na virusi vya UKIMWI (VVU). Mwaka 1996 ilikuwa 13.3. Katika miaka hiyo neno lililovuma lilikuwa "mwathirika", neno linalomfunga mtu katika lililompata. Leo tunasema "anayeishi na VVU". Ni refu, lakini nalitetea, hasa kwa ajili ya ile "na" ndogo, ileile tunayoitumia kwa mtoto anayeishi na bibi yake huko Kamachumu.